Mwanangu, Usiseme "Kaunta Tu"

Mwanangu, vuta kiti. Chai ingali ya moto.

Juzi uliponipigia simu ulikuwa njiani, nilisikia honi za daladala nyuma yako. Ukaniambia kazini wamekupa rasimu ya kiwango uikague. Kurasa hamsini na kitu. Nikakuuliza inahusu nini. Ukacheka. "Kaunta tu, mzee. Zile namba za kwenye printa zinazoonyesha mashine imetoa kurasa ngapi. Kesho mchana nitakuwa nimeimaliza."

Sikukujibu. Kwenye simu hapakuwa mahali pake. Lakini hilo neno "tu" lilinikosesha usingizi. Nililisema na mimi nikiwa na umri wako. Nililipia, na walionilipia zaidi ni watu wengine.

Nilikuwa fundi wa mashine za fotokopi. Kampuni yetu ilikuwa inazikodisha mashuleni na maofisini. Mteja hanunui mashine, analipa kwa kopi. Kila mwisho wa mwezi fundi anakwenda, anasoma kaunta, anatoa namba ya mwezi uliopita, anazidisha kwa bei ya kopi moja. Kazi ya dakika tano. Kaunta zenyewe zilikuwa za magurudumu madogo, tarakimu nyeupe juu ya weusi, zinajipindua moja moja kama zile za kilomita kwenye gari. Ukitega sikio, unasikia tik, karatasi inapita. Tik, nyingine inapita.

Shule moja ya sekondari ilikuwa na mhasibu, mama mtu mzima, mpole, mwenye daftari kubwa alilolichora mistari kwa rula. Mwezi mmoja wa mitihani nilisoma kaunta nikamwambia, "Mama, kopi 4,100." Akafungua daftari lake. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Baba, mwezi huu nimetoa stoo rimu sita. Rimu moja karatasi 500. Sita ni karatasi 3,000, na zote zimekwisha. Hizo 1,100 zilizozidi mmezitoa kwenye karatasi za nani?"

Mwanangu, nilikuwa na haraka. Nilikuwa na shule nyingine mbili za kupitia kabla ya jioni. Nikampa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nilimwambia, "Mama, mashine haidanganyi." Akanitazama kidogo. Akafunga daftari. Akatia saini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawasha taa, nikachukua kalamu. Zile 1,100 zilikuwa rahisi. Mitihani ilichapwa pande mbili. Karatasi 1,100 zilichapwa mbele na nyuma, na kaunta ilihesabu kila upande. Ningemweleza kwa dakika mbili tu akaelewa. Nilimnyima dakika mbili.

Halafu nikaona jambo baya zaidi. Katikati ya mwezi nilikuwa nimekwenda pale kubadilisha dramu. Fundi akibadilisha dramu hujaribu mashine, anatoa kopi mpaka weusi ukae sawa. Fomu yangu ya kazi ilisema nilitoa kopi 54. Kwa karatasi zake, na kwa kaunta yake. Tena kulikuwa na karatasi zilizokwama. Mashine ile ilikuwa inahesabu pale roli inapoivuta karatasi, haikungoja karatasi itoke. Kwa hiyo karatasi iliyokunjamana tumboni mwa mashine ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Niliporudi kumwomba mama yule radhi, akanionyesha boksi alimokuwa akizitunza moja moja. Tulizihesabu pamoja. Zilikuwa 42.

Hamsini na nne na arobaini na mbili. Chapa 96 ambazo hakuna mwanafunzi aliyezisoma, na shule ilizilipia.

Mashine kweli haikudanganya. Ilihesabu kila ilichoagizwa kuhesabu. Shida ilikuwa kwenye mkataba. Uliandika neno "kopi" mara nyingi, na hakuna mstari mmoja uliosema kopi ni nini. Kwangu mimi kopi ilikuwa ni tik. Kwa mama yule kopi ilikuwa ni karatasi anayoweza kumpa mtoto darasani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yule daftari alikuwa nalo, na mali yake ilipotea vilevile. Alichokosa ni neno lenye maana moja kwake, kwangu, na kwa aliyeiunda mashine. Neno la namna hiyo ndilo kiwango. Na wewe, mwanangu, ndilo ulilopewa mkononi kwenye hizo kurasa hamsini.

Basi nikupe ushauri wangu wa kwanza. Ukifungua rasimu, usikimbilie majedwali. Najua yanavutia. Yana namba, yana majina mazuri ya kaunta, unahisi kazi inakwenda. Anza na ukurasa wa istilahi na fasili. Ule ambao vijana wote huuruka. Na mimi niliuruka.

Miaka ilipita, mashine zikaanza kuunganishwa kwenye mtandao. Hakuna tena fundi kuzunguka na fomu, kompyuta inaiuliza mashine yenyewe. Machi 1995 jopo la uhandisi wa intaneti, IETF, lilitoa waraka RFC 1759, uliopanga namna kompyuta inavyoiuliza printa hali yake. Juni 2004 ukafanyiwa marekebisho, ukawa RFC 3805. Ndani yake mna kaunta ya maisha yote ya mashine. Nilifurahi sana. Nikasema, sasa ugomvi wa namba umekwisha.

Nikapewa kazi ya kutengeneza ripoti ya mashine thelathini na moja za mteja mmoja. Nikazivuta kaunta zote, nikazijumlisha, nikaipaka rangi jumla yangu, nikaenda kikaoni kifua mbele. Kulikuwa na binti mmoja, ndio kwanza ametoka chuoni. Akainua mkono. "Samahani, kaka. Hii ni jumla ya nini?"

Nikasema, ya kurasa.

Akasema, "Mbona hapa kwenye waraka pana sehemu nyingine inayotaja kipimo?"

Nilipokwenda kusoma kwa utulivu nikakuta ni kweli. Kando ya kaunta ile kuna sehemu ndogo inayosema kinachohesabiwa ni nini. Ikiandikwa 7, ni chapa, yaani upande mmoja uliochapwa. Ikiandikwa 8, ni karatasi nzima. Ikiandikwa 11, ni saa. Kumi na moja, mwanangu, ni saa za kazi! Mimi nilikuwa nimejumlisha mashine zinazohesabu chapa na mashine zinazohesabu karatasi. Ni sawa na mtu wa sokoni ajumlishe mafungu ya nyanya na madebe ya mahindi, halafu atangaze kwamba ana arobaini.

Waraka haukuwa na kosa. Msomaji ndiye aliyekuwa na haraka. Lakini swali la yule binti nimelibeba maisha yangu yote, na leo nakukabidhi. Kila unapoiona kaunta kwenye rasimu, iulize: ni jumla ya nini?

Ukishajua ni ya nini, uliza inaongezeka lini. Hapa ndipo rasimu nyingi huteleza. Mwandishi anaandika kwamba kaunta inaongezeka "kwa kila ukurasa unaochapwa". Inasomeka vizuri. Sasa ifikirie mashine yenyewe. Karatasi imevutwa. Upande wa mbele umechapwa. Inageuzwa ili ichapwe nyuma. Hapo katikati inakwama. Je, kaunta imeongezeka kwa moja, kwa mbili, au haijaongezeka? Mtu akifungua mlango wa mashine, akaivuta ile karatasi kwa mkono, na mashine ikachapa upya kazi ileile, ile ya kwanza imekwenda wapi? Kama rasimu haina jibu, kila kiwanda kitajibu kivyake. Vyote vitadai vimefuata kiwango, na vyote vitakuwa vinasema kweli. Anayeumia ni yule mwenye daftari.

Usione kama nazusha vijishida. Printer Working Group, kikundi cha watu wa kampuni za printa kilichoanza mwaka 1991, mwaka 2007 kilitoa waraka mzima kuhusu kaunta. Ndiyo, kaunta tu, kama ulivyosema. Nilipousoma nilikuta wametenga mafungu: kazi aliyoagiza mtumiaji, karatasi za ziada kama zile za kutenganisha kazi ya mtu mmoja na ya mwingine, zilizoharibika, na za matengenezo. Nikaweka waraka chini. Zilizoharibika: 42. Za matengenezo: 54. Nilikuwa naiona shule yangu ileile. Watu nisiowajua, wa nchi za mbali, walikuwa wameketi wakabishana mpaka wakamtafutia yule mama sehemu ya kuandika haki yake. Ndipo nikaelewa mkaguzi wa rasimu anafanya kazi gani.

Hayo ni mambo mawili: nini, na lini. La tatu ni umeme.

Rasimu hizi mara nyingi zinaandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki. Si kosa lao. Lakini wewe umekulia kwenye mgao, kwa hiyo soma kwa macho yako. Ule waraka wa 1995 una kaunta mbili zinazokaa jirani. Moja ni ya maisha yote ya mashine. Nyingine inahesabu tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Jamaa yangu mmoja aliandika programu ikasoma ile ya pili kwa bahati mbaya. Akatoa namba ya leo ukiondoa ya jana, akapata hasi. Mashine imechapa kurasa hasi mia tatu! Tulicheka mpaka machozi, halafu tukanyamaza, maana ankara mbili zilikuwa zimekwisha kutumwa.

Kwa hiyo uliza. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, namba inatunzwa wapi? Inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu kila baada ya chapa moja, au kila baada ya chapa mia? Fundi akibadilisha bodi kuu, kaunta inahamishwa au inaanza sifuri? Na akiihamisha kwa mkono, panaachwa alama kwamba namba imeguswa, na lini? Fundi mwaminifu anaihitaji alama hiyo kuliko fundi mwizi. Mimi ningekuwa nayo, ningemwonyesha mama yule zile 54 zangu bila kupepesa macho.

La nne ni siku kaunta itakapojaa.

Kila kaunta ina mwisho. Ile ya magurudumu matano ikifika 99,999 inarudi sifuri, na mashine ya miaka kumi inaonekana kama imefunguliwa boksi leo. Za kisasa zina mwisho pia, ila uko mbali na hauonekani. Kaunta ya biti 32 inaishia 4,294,967,295, kisha inaanza upya.

Hapa nikusimulie aibu yangu nyingine, maana nikikuficha utairudia. Nilipoingizwa mara ya kwanza kwenye kamati ya viwango, nilikuwa nimesoma mahali kwamba kaunta za biti 32 ni ndogo. Nikaandika maoni ya ukurasa mzima, kwa maneno makali, kwamba rasimu ya printa haifai hata kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umepiga hesabu?" Sikuwa nimepiga. Akanipa kalamu. Mashine inayotoa chapa 100 kwa dakika, usiku na mchana, bila kupumzika hata Idi wala Krismasi, itaijaza kaunta ile baada ya miaka zaidi ya 81. Kamati nzima ilinitazama. Nikajikunyata kwenye kiti.

Na yale niliyoyasoma hayakuwa uongo. Yalihusu kitu kingine. Yalihusu kaunta za mtandao, zinazohesabu data inayopita kwenye waya. Kwenye mtandao wa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kaunta ya biti 32 inayohesabu baiti hujaa kwa muda wa dakika 57 hivi. Kwenye gigabiti moja, sekunde 34. Namba ileile, biti zilezile. Mahali pamoja ni umri wa mtu, mahali pengine hujamaliza hata kuvaa viatu. Usiseme kubwa au ndogo kabla hujapiga hesabu.

Lakini usije ukajidanganya kwamba kilicho mbali hakitafika. Umeiona juzijuzi tu, nyumbani kwako. Mita za umeme wa kulipia kabla, LUKU kwetu na tokeni kwa jirani zetu Kenya, zinafuata kiwango kilichozaliwa Afrika Kusini, ambacho leo ni kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41. Kila tokeni hubeba ndani yake alama ya wakati, ili mtu asiweze kuingiza tokeni moja mara mbili. Wakati huo unahesabiwa kwa dakika, tangu tarehe 1 Januari 1993, kwa kaunta ya biti 24. Zidisha mwenyewe: dakika 16,777,216. Ni karibu miaka 32. Mwaka 1993 nani alikuwa anaiwazia 2024? Lakini 24 Novemba 2024 ilifika, kama siku zote zinavyofika. Ndiyo maana kabla ya hapo wateja walipewa mafungu matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuandaa mita na la tatu la umeme wenyewe. Unakumbuka shangazi yako alivyopiga simu usiku akidhani ametapeliwa?

Nawasifu wale walioandika kiwango kile kwa jambo moja. Waliacha mlango. Kulikuwa na njia ya kubadilisha ufunguo wa mita na kuanza kuhesabu kutoka tarehe nyingine, bila kung'oa mita ukutani. Kwa hiyo ukikuta kaunta yenye mwisho, usilalamike tu kwamba ina mwisho. Uliza mlango uko wapi. Rasimu inasema msomaji ajuaje kwamba kaunta imezunguka na haikufutwa? Kama haisemi, hapo ndipo penye kazi yako.

Chai inapoa, kunywa.

Sasa nikuambie namna ya kuandika maoni. Rasimu nyingi utakazopewa ziko kwa Kiingereza, na kuna maneno matatu madogo ambayo lazima uyawinde kwa kalamu nyekundu: shall, should na may. La kwanza ni amri. La pili ni ushauri. La tatu ni ruhusa. Kaunta ya karatasi zilizoharibika ikiandikwa kwa neno la ruhusa, basi ujue viwanda vingi havitaiweka, na hutakuwa na pa kuwashtaki. Nimeona haki ya mteja ikiuawa kwa herufi tatu, kikao kimejaa watu, na hakuna aliyelia.

Maoni yangu ya kwanza kabisa yalikuwa mstari mmoja: "Kifungu hiki hakieleweki." Nilijiona nimesema kitu kizito. Baada ya miezi yakarudi majibu ya sekretarieti: maoni yamepokelewa, hakuna pendekezo la mabadiliko, kifungu kinabaki. Nilikasirika wiki nzima. Nikadai hawawasikilizi watu wa kwetu. Baadaye nikaitazama fomu ya maoni kwa makini. Ina safu ya namba ya mstari. Ina safu ya kifungu. Ina safu ya aina: ge kwa maoni ya jumla, te kwa ya kiufundi, ed kwa ya lugha. Ina safu ya maoni. Na pembeni yake ina safu ya badiliko linalopendekezwa. Hiyo ya mwisho mimi nilikuwa nimeiacha tupu. Niliwapa ugonjwa bila dawa, nikashangaa hawakupona.

Kwa hiyo usiandike "haieleweki". Andika maneno unayotaka yawekwe. Rasimu ikisema, "Kaunta itaongezeka kwa kila ukurasa," wewe pendekeza: "Kaunta lazima iongezeke kwa moja kwa kila upande wa karatasi uliochapwa, baada ya karatasi hiyo kufika kwenye trei ya kutolea. Karatasi isiyofika kwenye trei lazima ihesabiwe kwenye kaunta ya zilizoharibika." Unaona? Ni ndefu zaidi, na haina utamu. Lakini mama yule na daftari lake wanaweza kuisimamia. Halafu eleza sababu kwa sentensi moja au mbili, na uache. Usihubiri. Wenzako kwenye kamati wana rasimu nyingine nane mezani.

Na uwahi, mwanangu. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka rasimu ya kiwango ipewe angalau siku 60 za maoni. Rasimu ya kimataifa kule ISO, inayoitwa DIS, inapigiwa kura kwa wiki 12. Ikishafika hatua ya mwisho, FDIS, zinabaki wiki nane, na hapo swali ni ndiyo au hapana. Milango ya kurekebisha ufundi imefungwa. Niliwahi kukaa na hoja nzuri sana mfukoni, nikiipigapiga msasa ili ing'ae, na nilipoitoa nikaambiwa, "Mzee, ungetuletea mwaka jana." Ninavyokuambia usiharakishe, sisemi uchelewe. Anza mapema ili upate nafasi ya kwenda polepole.

Utakataliwa. Hilo nalo nikuambie mapema lisije likakuvunja moyo. Utaandika maoni kumi, yatakubaliwa matatu, na moja kati ya hayo litakuwa nukta uliyoihamisha. Usinune. Soma sababu walizoandika kwenye safu ya majibu ya sekretarieti. Mara nyingine utakuta wana haki, kama yule mzee wa dirishani. Mara nyingine hawana, na hapo utarudi tena mwaka mwingine na hoja ileile, imenyooka zaidi. Mimi suala la kopi za majaribio ya fundi nililirudisha mara tatu, kwa sauti ya chini kila mara.

Hukuniuliza iliishaje kwa yule mama, lakini nitakuambia. Nilipeleka hesabu yangu ya 96 ofisini kwetu. Wakasema namba ni ndogo, mwezi umefungwa, niachane nayo. Sikuweza kuwashinda. Nilichoweza ni kubadilika mwenyewe. Tangu siku ile nilitembea na karatasi zangu za majaribio kwenye mkoba. Nikishatengeneza mashine, nilimwita mwenye daftari asimame kando yangu. Tunasoma kaunta kabla, tunasoma kaunta baada, anaandika tofauti, ninatia saini. Ilinichelewesha dakika kumi kila shule. Yule mama alichora safu mpya kwenye daftari lake, kwa rula, akaiandika juu: "Za fundi."

Safu ile ilikuwa kiwango, mwanangu. Hakikupitishwa na kamati yoyote, na kilifanya kazi.

Sasa nenda. Usiisome rasimu yote leo. Soma ukurasa wa fasili peke yake, mara mbili, na kalamu mkononi. Kisha nipigie simu, ukiwa umekaa mahali patulivu, uniambie wamesema ukurasa ni nini.